Joho Jeupe la Mwana wa Numerius

Amiternum, mwisho wa Februari

Statius Tettidius anamsalimu Salvius Tettidius, mwana wa mdogo wake Numerius.

Kama uko mzima, vizuri. Mimi mzima. Hayo ndiyo mwalimu wetu aliyotufundisha kuandika kabla hajafa kwa ulevi. Mengine yote humu ni ya kichwa changu mwenyewe, kwa hiyo usianze kunisahihisha.

Mama yako mkubwa Gavia anakusalimu na anauliza kama unakula. Nimemwambia Roma watu hawali, wanaalikwa. Nguruwe wa jirani yetu Herius aliponyoka akadumbukia kwenye karo langu la chaki, akatoka mweupe pe. Gavia akasema naye apelekwe Roma akagombee cheo. Herius amekasirika, anasema nguruwe wake ana heshima zake.

Joho lako analo Paccius mwenye nyumbu. Nimelikanyaga karoni kwa miguu yangu mwenyewe, sikumwachia mtu, nikalifukiza, nikalisugua chaki mpaka jicho linauma kulitazama. Ukisimama nalo juani, hata kipofu atajua huyu ni mgombea. Ila ukumbuke joho haling'ai kwa maombi. Linang'aa kwa mkojo uliochacha, na mtungi wangu uko pale pale kwenye kona ya soko, na kila mwanamume wa mji huu ameuchangia, baba yako akiwa wa kwanza. Kwa hiyo utakapowapa mkono wakubwa wa Roma, ujue umevaa Amiternum nzima.

Sasa baba yako. Baada ya mavuno ya zeituni kuisha alisema anakuja kukuona. Amerudi, na hasemi. Nikamuuliza, "Numerius, mtoto yukoje?" Akanigeuzia sikio la kushoto, lile bovu, ambalo farasi alimpiga teke jeshini. Nikahamia kulia kwake. Akageuka tena. Tumeizunguka meza ile kama majogoo, mpaka Gavia akatupigia kelele tukae.

Na ana kipande cha shaba, kidogo kama kucha ya dole gumba, hakina sura wala chapa. Analala nacho mkononi. Nikamtania, "Hicho hakinunui hata kitunguu." Akasema, "Kimenunua."

Mlifanya nini huko? Niandikie. Na usiniandikie kwa maneno ya kupigwa pasi, mimi ndiye dobi.

*

Roma, mwisho wa Machi

Salvius anamsalimu Statius Tettidius.

Mzee wangu mpendwa, natumaini u mzima pamoja na wote walio nyumbani. Mimi nashukuru afya ni njema, ingawa usingizi ni haba.

Joho limefika. Bwana Aulus Cossonius, ambaye wema wake kwangu sina namna ya kuulipa, aliligusa kwa vidole viwili akasema hajaona weupe wa aina hii tangu azaliwe. Akauliza mnatumia nini. Nikasema ni siri ya milimani.

Kampeni inakwenda vizuri. Nikichaguliwa kuwa mweka hazina, Seneti iko mbele yangu, na hakuna mtu wa milima yetu aliyewahi kukaa humo. Nimepewa mtumwa wa Kigiriki ambaye kazi yake ni kutembea nyuma yangu na kuninong'oneza jina la kila mtu tunayekutana naye, na kama ana mgonjwa nyumbani, ili nimsalimu kana kwamba tumelelewa pamoja. Usicheke. Kila mgombea anaye.

Uchaguzi ni mwezi wa Kwintili, mara baada ya Juni. Ninawahitaji wanaume wa Amiternum wote wanaoweza kutembea. Wanakusikiliza wewe kuliko wanavyowasikiliza miungu. Wapelekee habari hii mapema ili mashamba yasiwe kisingizio.

Kuhusu safari ya Numerius, alikuja, tukamaliza jambo la kifamilia, akarudi. Sioni la kuongeza. Nimehama kule nilikopanga. Barua ziletwe nyumbani kwa Cossonius.

*

Amiternum, katikati ya Mei

Statius Tettidius anamsalimu Salvius, ambaye sijui niseme ni mwana wa nani.

Mimi mzima. Gavia mzima. Nguruwe wa Herius mzima, amerudia rangi yake ya zamani, jambo ambalo si kila mtu anaweza.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikaona ni nzuri. Mara ya pili nikaona kuna harufu. "Safari ya Numerius." Numerius! Tangu lini? Huyo aliyekubeba mabegani kwenda kuona dubu wa maonyesho, ukamkojolea shingoni, akasema ni baraka, leo ni Numerius? Na mimi nimekuwa "mzee wangu mpendwa". Mimi nina jina kwako. Ni Ba'mkubwa. Ulilijua kabla hujajua kujifunga viatu.

Nikajiambia labda ni tabia za mji. Halafu Paccius akarudi. Alinikuta natia maji kwenye karo, akasimama mbali, upande wa pili wa nyumbu. Nikajua ana jambo.

"Nilikwenda kwenye ile nyumba kubwa," akasema. "Nikamwambia bawabu, namtafuta Salvius Tettidius."

"Eh?"

"Akasema hakuna mtu huyo. Nikamwambia, yupo, mgombea, ana kovu kidevuni. Akacheka, akasema, 'Wewe mshamba, huyo ni mwana wa bwana. Huyo ni Aulus Cossonius mdogo.'"

"Ulikuwa umelewa."

"Baadaye, ndiyo. Wakati ule, hapana."

Nilimwagia maji yale miguuni mwake. Hakuwa na kosa, lakini ndiye aliyekuwa karibu.

Nikaingia ndani nikamkuta baba yako amekaa na kishaba chake. Nikapita kulia kwake nikampigia kelele, "Mwanao ana baba mwingine Roma, unajua?" Akakohoa. Akakohoa sana. Ana kikohozi siku hizi, cha mvua, kitapita.

Sasa nijibu wewe. Umeasiliwa? Umekwenda ukajitoa kwa mtu mwenye vinyago vya nta vya mababu zake ukutani ili wajukuu wako wajivunie wafu wasio wako? Jina letu ulilifanya nini, ulilitupa mtaroni, au ulilifunga nyuma kama kengele ya mbuzi?

Unataka watu? Watu wanamwendea mtu. Kwanza niambie wewe ni mwana wa nani.

*

Roma, mwanzo wa Juni

Aulus Cossonius Tettidianus, mwana wa Aulus, anamsalimu Statius Tettidius.

Uko mzima, mimi mzima, tumalize hayo.

Ndilo hilo jina langu. Lisome vizuri, ulicheke vizuri, umsomee na Gavia. Halafu unisikilize, kwa sababu umenitukana kwa jambo usilolijua, na aliyekaa nawe meza moja amekuacha unitukane.

Sikujitoa. Mwana hawezi kujitoa. Anayeweza kumtoa mwana ni baba yake, na njia ni moja. Anamuuza.

Tulisimama mbele ya hakimu. Kulikuwa na mashahidi, na mtu ameshika mizani. Aulus akanishika bega akasema mtu huyu ni wangu, nimemnunua kwa shaba hii na mizani hii, akagonga mizani kwa kipande cha shaba, akampa baba yako kama bei. Mchezo, utasema. Mimi pia nilidhani ni mchezo. Halafu Aulus akaniachilia huru, na sheria inasema mwana aliyeuzwa akiachiliwa anarudi mikononi mwa baba yake. Nikarudi. Nilikuwa wa Numerius tena, kabisa, kama siku niliyozaliwa. Mlango ulikuwa wazi, nyumbu wako nje.

Akaniuza tena.

Wakagonga mizani, Aulus akaniachilia, nikarudi kwake mara ya pili. Nikamshika mkono. Nikamwambia, upande wa kulia, ili asijifanye hakusikia, "Baba, twende nyumbani." Unajua alisema nini? Alisema, "Simama wima, watu wanatazama." Akaniuza mara ya tatu. Na baba aliyemuuza mwanawe mara tatu, sheria imemnyang'anya, na hakimu akanitangaza mwana wa Aulus. Imekwisha.

Mara mbili, Ba'mkubwa. Mara mbili nilikuwa mikononi mwake na angeweza kunirudisha.

Nilimuuliza kwa nini, nje, kwenye ngazi. Akaniambia ujanani alikuja Roma kuomba msaada wa kesi ya shamba. Akasimama asubuhi nzima kwenye mlango wa baba yake Aulus, na kikapu cha vitunguu. Bawabu akapokea vitunguu, akafunga mlango. "Sisi ni watu wa nje ya mlango," akasema. "Wewe utakuwa ndani." Akaondoka na kile kipande chake bila kugeuka.

Kwa hiyo usiniulize mimi ni mwana wa nani. Muulize muuzaji. Na kwa kuwa nimeshashikishwa njia hii, nitaimaliza. Sikuuzwa mara tatu ili nishindwe. Lete watu.

*

Amiternum, mwanzo wa Kwintili

Statius kwa Salvius.

Salamu hazipo, sina nafasi.

Nimemsomea barua yako. Nilikaa kulia kwake nikamsomea yote, hata hiyo ya "muuzaji" nikairudia. Nilikuwa na hasira naye kuliko ulizo nazo wewe. Miaka yote tunakula chungu kimoja, na anauza mtoto kama kondoo bila kuniambia. Nilitaka anirushie kitu, nami nimrushie.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Chaki haijapukutika?"

"Numerius, mwanao anakutukana."

"Nimesikia. Mvua ikinyesha chaki inatoka. Mwandikie asisimame mvuani."

"Ulimuuza!"

"Mara ya pili aliponishika mkono," akasema, "karibu nimchukue tukimbie." Halafu kikohozi kikamshika, Gavia akaleta beseni, na kilichotoka humo sitakiandika.

Si kikohozi cha mvua. Nimekuwa nikikiita hivyo kwa sababu mimi mpumbavu, nilidhani nikiliita dogo litakuwa dogo. Anakufa. Hali chakula. Jana alikataa hata mchuzi wa dengu wa Gavia, na wewe unajua huyo alikuwa akila dengu mpaka tunatoka nje.

Baba ana haki ya mambo matatu kwa mwanawe. Amfumbe macho. Amwite jina lake mara tatu, kwa sauti, labda atarudi. Awashe moto huku amegeuza uso. Huyu ana mwana mmoja tu, na ni wewe, hakimu aseme atakavyo. Mimi ninaweza kufua uchafu wa mji mzima, lakini hayo matatu si kazi yangu.

Nimempa Paccius nyumbu mwepesi. Panda huyo huyo urudi naye. Tukana ukifika, nitakusaidia.

*

Roma, siku chache kabla ya uchaguzi

Aulus Cossonius Tettidianus anamsalimu Statius.

Siwezi.

Paccius atakueleza alinikuta wapi na nilikuwa na akina nani. Mtu hawezi kuvaa joho jeupe na joho la msiba. Nikionekana nimevaa jeusi kwa ajili ya Numerius, nimeiambia Roma nzima kwamba baba yangu ni Numerius, na wanaoshindana nami watakimbilia kwa hakimu kusema kule kuuzwa kulikuwa maigizo. Aulus amekataza. Kisheria mimi na Numerius ni wageni.

Sheria hiyo sikuitunga mimi. Yeye ndiye aliyesimama nayo.

Ninatuma chupa ya manukato ya Arabuni, ni ya bei kubwa. Mpakeni. Na mwambieni, kama bado anasikia, kwamba sijasimama mvuani.

Watu waje. Naomba.

*

Roma, siku ya pili baada ya uchaguzi

Aulus Cossonius Tettidianus kwa Statius Tettidius.

Umefurahi?

Nilikuwa nimesimama kwenye uwanja wa kura tangu jua linatoka, nang'aa kama ulivyosema, wagombea wote tumepangwa kama mayai. Mara upande wa daraja watu wakaanza kupisha. Mkaja. Amiternum nzima, wanaume wote, majoho meusi, nywele hamkuchana, na wewe mbele. Nani alinitumia habari? Hakuna. Nilijua baba amekufa kwa kuona nguo zenu.

Na huyo Mgiriki wangu nyuma, kazini, ananinong'oneza sikioni: "Herius, mfuga nguruwe, mpe mkono. Paccius, ana nyumbu, mkewe anaumwa mgongo, muulizie. Mzee wa mbele ni Statius Tettidius, dobi, ana kura nyingi nyuma yake. Tabasamu."

Nami nikatabasamu. Uso ulikuwa umeshazoea, ulitabasamu wenyewe. Nikanyoosha mkono nikasema, "Statius Tettidius! Habari za Amiternum?"

Sauti hiyo yako unayotumia kupita kelele za maji, ulishindwa kuiacha nyumbani? Ukasema, "Habari za Amiternum, bwana mkubwa, ni kwamba Numerius amekufa. Muulize huyo wa nyuma yako kama anamjua."

Watu wakacheka. Na Mgiriki, masikini, akadhani ni swali kweli. Akaninong'oneza, "Numerius Tettidius. Mkulima. Hana cheo. Hana mtoto."

Ulimsikia? Mimi nilimsikia. Namsikia mpaka sasa.

Nimeshinda, kama unataka kujua. Wa mwisho kati ya walioshinda, kwa kura chache, lakini nimeshinda, bila shukrani kwenu. Mlitembea njia yote hiyo ili kunivunja mbele ya Roma. Shindano langu liliwahusu nini? Mngebaki na vitunguu vyenu.

Nijibu jambo moja tu, halafu tusiandikiane tena. Nani aliwasha moto?

*

Amiternum, mwanzo wa Sekstili, mwezi unaofuata Kwintili

Statius Tettidius anamsalimu mheshimiwa mweka hazina.

Mimi mzima, kwa bahati mbaya yako.

Tulikuja kukuvunja? Wewe mtoto, akili uliiacha kwenye ile mizani. Siku mbili kabla hajafa, Numerius aliniita akanishika ndevu, akanivuta mpaka karibu. Akasema, "Statius, usimtukane."

Nikasema, "Hilo siwezi."

"Basi mtukane, lakini mpigieni kura. Wote. Niapie."

Nikaapa. Ndiyo maana tulikuja. Tungekuja tumevaa nini, maua? Mji ulikuwa umefiwa. Na kila mtu wa Amiternum uliyemwona amevaa jeusi aliingia akakupigia wewe kura. Unajua ilikuwa kazi gani? Herius ameandika jina lake mwenyewe mara chache sana maishani, na mimi njia nzima nimemfundisha kuandika Cossonius kwa fimbo vumbini. Alikuwa analia kwa hasira. "Kwa nini niandike jina la watu hawa?" Nikamwambia, "Andika, mpumbavu, marehemu ameomba." Hizo "kura chache" zako, zitazame rangi, zilivaa jeusi.

Moja ilikataliwa, imeandikwa vibaya. Iliandikwa "mtoto wa Numerius". Hiyo ilikuwa yangu. Nilikusudia kuandika vizuri, mkono ukakataa.

Manukato yako Gavia aliyamwaga kwenye mtungi wa kona ya soko. Sasa mtungi unanukia na watu wanaona haya kuutumia, biashara yangu imedorora.

Kile kipande cha shaba tulikikuta ndani ya ngumi. Ilibidi nimfungue vidole kimoja kimoja. Maiti anahitaji kitu mdomoni cha kumlipa mvushaji wa mto wa wafu, na Gavia alikuwa ameshatoa sarafu nzuri, lakini nikasema hapana, atakwenda na hiki. Nikakiweka chini ya ulimi. Kilichokununua wewe ndicho alichovukia yeye.

Moto niliwasha mimi. Macho pia nilimfumba mimi. Niligeuza uso kama mwana anavyogeuza, na nilipogeuza nilikuwa natazama barabara ya Roma. Haikuwa na mtu. Ilikuwa na mbwa.

Kabla ya hapo, kule kuita. Nilisimama kulia kwake. Niliita, "Numerius!" Mji mzima ulisikia. Nikaita tena, "Numerius!" Kuku wa jirani wakaruka. Halafu nikanyamaza. Gavia akanikanyaga mguu, "Statius, ita, watu wanangoja." Nikamwambia, ya tatu si yangu.

Umenipigia kelele karatasi nzima kwamba mara mbili ulikuwa mikononi mwake akakuachia. Haya. Mara mbili nimemwita mimi hakuja. Ya tatu nimekuachia wewe. Imekaa hapa inakungoja, na mpaka uiite, baba yako si hai wala hajafa sawasawa, na nyumba hii haijatakata, na mimi nisiyeogopa uchafu wowote, huu unaninyima usingizi.

Kaa na cheo chako. Nimemaliza.

*

Roma, katikati ya Sekstili

Salvius, mwana wa Numerius, anamsalimu Statius, baba yake mkubwa.

Ba'mkubwa, barua yako ilisomwa na mimi peke yangu, nimesimama.

Kwenye ukumbi wa nyumba hii kuna kabati za vinyago vya nta, sura za wazee wao wote waliowahi kuwa na cheo. Zinafunguliwa siku za furaha. Walikuwa wamezifungua kwa ajili yangu, na wageni walikuwa wakila. Nikasimama katikati ya wafu wa watu nikaita jina la baba, kwa sauti uliyonifundisha wewe karoni. Watumwa wakatoka jikoni. Mgeni mmoja akaangusha kikombe.

Mke wa Aulus akauliza, "Numerius ni nani?" Yule Mgiriki akafungua mdomo kumjibu. Nikamwambia anyamaze, huyu namjua mwenyewe.

Nikasema, "Ni mtu aliyeniuza." Nikaona hilo halijatosha. Nikasema, "Ni baba yangu."

Aulus ameinuka mezani. Amefunga kabati. Sijui kesho atafanya nini, na cheo changu kitakuwaje. Lakini ya tatu nimeiita, Ba'mkubwa. Safisheni nyumba.

*

Amiternum, mwisho wa Sekstili

Statius anamsalimu mjinga.

Umeita ukiwa Roma, ndani ya nyumba ya watu, umegeukia ukuta. Unamwita mtu ambaye mimi nilikuwa nakaa naye meza moja na hanisikii!

Hiyo haihesabiki. Njoo uite hapa. Joho usilete, jeupe wala jeusi, nguo zipo, mimi ni dobi. Gavia ameshaloweka dengu. Kaburi liko kando ya barabara ya Roma, kabla hujafika darajani, utaliona limepigwa chaki.

Usisimame kushoto.